Mradi Usio na Doa

Jumamosi moja nilikuwa katika duka la vifaa vya kuandikia kwenye kichochoro kinachotokea River Road, nikisubiri kukatiwa kartoni. Mama mmoja akaingia ameshika simu iliyo na picha ya swali la mradi wa sanaa wa mwanawe. Hakuuliza bei ya rangi. "Hamna fundi mnayemjua anitengenezee hii kufikia Jumatatu? Iwe safi, tafadhali." Fundi alipatikana hata kabla sijapewa chenji yangu.

Mama huyo simlaumu peke yake, kwa maana anaamini tunachoamini wengi: kwamba mradi mzuri wa mwanafunzi ni ule unaopendeza, usio na doa la gundi wala mstari uliopinda. Imani hiyo ni potofu, na inawaibia watoto wetu.

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari ya juu, na mmoja kati ya mikondo yao mitatu ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kaka na dada zao wa 8-4-4 nao hutahiniwa kwa mradi katika somo la Sanaa na Ubunifu la KCSE. Mradi haukubuniwa ili shule ipate kitu cha kupamba ukumbi siku ya wazazi. Ni mahali pa kumwona mtoto akipambana na kitu kinachokataa kumtii.

Nimeuona mradi wa binti wa jirani yangu, Kangemi. Ni batiki inayoonyesha mabati ya mtaa chini ya mvua. Nta ilipoa kabla ya kugusa kitambaa, ikakaa juu juu badala ya kupenya, na alipochovya kitambaa, buluu ikavuja chini yake. Paa moja likaharibika kabisa. Alilia, kisha akakaa akiitazama ile buluu kwa muda mrefu. Akachemsha nta upya, akazifuata njia za rangi iliyovuja, akazigeuza kuwa maji yanayotiririka kutoka kwenye mabati. Fundi wa River Road angemletea paa lililonyooka, na mvua ile isingekuwepo.

Mwaka 1965 msanii Elimo Njau na wenzake walifungua kituo cha sanaa cha Paa ya Paa hapa hapa mjini Nairobi, Barabara ya Koinange. Jambo ambalo Mzee Njau alilikemea kwa miaka mingi ni kuiga. Leo, mwendo wa dakika chache kutoka hapo, tunalipia kuiga kwa M-Pesa na kusema tunamsaidia mtoto.

Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, hufinyanga vyungu vyake kwa mkono, bila gurudumu, kisha huvisugua mpaka ving'ae. Ung'avu ule watu huusifu kote duniani, lakini umetoka kwenye vidole vilivyoujua udongo kwa miaka mingi. Wangechi Mutu, aliyesoma Loreto Convent Msongari, alijulikana kwanza kwa picha za vipande vilivyokatwa magazetini. Mwaka 2019 sanamu zake nne za shaba zilisimama mbele ya jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Nashangaa ni wazazi wangapi wangeitupa ile mikato ya karatasi wakidhani ni uchafu wa mezani.

Utaniambia alama ni alama, na mwalimu hutuza kilicho safi. Wapo walimu wa namna hiyo, na nao wanakosea. Mwalimu na adai daftari la michoro ya kwanza, lenye mistari iliyofutwa, na alitie alama hilo. Mzazi naye amuulize mtoto swali moja tu: ulikosea wapi? Aliyenunua mradi hatakuwa na jibu.

Yule binti wa Kangemi ukimuuliza kuhusu nta, ataacha vyombo vyake na kukueleza kwamba ikiwa moto sawasawa kitambaa huonekana kama kimelowa, na ukikigeuza, alama ya brashi unaiona upande wa pili.