Oili ya Gari Kuukuu: Bei Si Kipimo

Wenye magari makuukuu hushawishiwa kwamba oili ya sintetiki, kwa kuwa ni ghali, ndiyo dawa ya injini iliyochakaa. Dai hilo lastahili kupimwa kwa sayansi, si kwa bei.

Oili ya kawaida hutokana na kusafishwa kwa mafuta ghafi. Ya sintetiki huundwa kwa njia za kikemia, hata molekuli zake zikalingana zaidi. Kwa sababu hiyo huhimili joto kubwa, na haigandi upesi penye baridi kali. Lakini Dar es Salaam haina theluji. Fadhila hiyo ya pili haina kazi huko.

Tena, injini ambayo ringi zake zimelika huunguza oili, na moshi wa buluu ndio shahidi. Kuitilia oili ya ghali ni kujaza maji katika pakacha. Heri oili ya kawaida yenye mnato ulioagizwa na kiwanda, ibadilishwe pamoja na chujio kwa wakati, na kijiti cha kupimia kikaguliwe mara kwa mara.

Injini kongwe iliyo nzima yaweza kunufaika na sintetiki. Basi kinachoamua si umri wa gari, bali hali ya injini yake.