Malezi ya Watoto Wetu: Umri wa Mtoto na Kombe la Vijana



Mwezi uliopita ukurasa huu ulizungumza juu ya adabu za watoto wanapokula pamoja kwenye sinia. Leo tumekusudia kusema juu ya jambo ambalo zikifika siku za likizo hakuna nyumba lisimoingia, nalo ni mashindano ya mpira wa vijana. Mtaa huu una kombe, mtaa ule una kombe, na shamba vivyo hivyo. Baba aliyekuwa hana khabari za mpira hujikuta saa kumi za jioni amesimama ukingoni mwa kiwanja, na mama hujikuta anafua jezi usiku ili ikauke kabla ya mchezo wa kesho.

Kabla hatujakwenda mbali, twataka ifahamike kwamba sisi si maadui wa mpira. Tulipokuwa wadogo tulicheza chandimu kwa mpira wa matambara tuliousokota wenyewe, na tulichapwa kwa kuchelewa chuoni kwa ajili yake. Wala dini yetu haikukataza watoto kucheza na kuzoeza viungo vyao. Bwana Mtume wetu (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.), safari moja Bibi Aisha akamshinda, na safari nyingine yeye akamshinda, akamfanyia mzaha kuwa hiyo ni badala ya ile. Tena aliwapita watu wa kabila la Aslam wakishindana kulenga mishale, akawahimiza waendelee. Basi kwa asili mchezo ni halali, na faida yake kwa mwili wa kijana twaijua sote. Tunayotaka kuyasema ni yale tunayoyaongeza sisi wazee juu ya mchezo huo, hata kikombe cha watoto kikageuka mtihani wa imani ya watu wazima.

Na ili wasomaji wetu wasidhani kuwa twawasema wengine, tutaanza na kosa letu wenyewe.

Ni miaka kadhaa sasa. Katika mtaa wetu palitangazwa kombe la vijana wasiozidi miaka 15. Baada ya sala ya Alasiri alitujia baraza ya chuo mzazi mmoja, mvuvi, mtu mwema tuliyesali naye safu moja miaka mingi. Akatuambia: "Maalim, mwanangu ana mguu wa mpira, na wewe wamjua. Watu wa kombe wanataka ushahidi wa umri, na cheti chake sijui kimepotelea wapi. Wamesema barua ya Maalim yatosha."

Tukafungua daftari la chuo. Kijana alikuwa amekwisha kutimiza miaka 17. Tukamwambia. Yule bwana akacheka kidogo, akasema: "Nayajua hayo, Maalim. Lakini miaka miwili ni kitu gani? Mwili wake mdogo, hapana atakayemtambua. Na wenzetu wote hufanya hivyo. Huenda akaonekana na watu wakubwa, akatutoa katika dhiki hii."

Ndugu zetu, hatukupewa fedha, wala hatukutishwa. Tulimwonea haya, basi. Tulikumbuka samaki aliotuletea siku tulipouguliwa, tukaona ni uzito kumrudisha mikono mitupu. Tukachukua kalamu, tukaandika miaka 15, tukatia sahihi yetu. Barua ilikuwa fupi, haikuzidi mistari minne.

Kesho yake kijana mwenyewe akatujia kabla ya somo. Akasalimu kwa adabu, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Maalim, nikiulizwa na watu wa kombe nimezaliwa mwaka gani, niseme mwaka upi?"

Kijana huyu tulimfundisha sisi, tangu alifu na be. Ni sisi tuliomhifadhisha kwamba ukweli humpeleka mtu kwenye wema, na uongo humpeleka kwenye uovu. Naye hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kwa kuwa ndiye atakayesimama mbele ya watu. Tukamjibu aseme kama ilivyoandikwa katika barua. Akasema, "Naam, Maalim," akaenda kuketi mahali pake. Siku ile tulisomesha hali macho yetu hayawezi kuelekea upande wake.

Mambo hayakuishia hapo. Katika timu ile alikuwamo mtoto mwingine wa chuo chetu, mwenye miaka 13, ambaye nafasi yake ndiyo aliyopewa yule mkubwa. Mama yake ni mwuza maandazi, na viatu vya mpira alikuwa amemnunulia kwa kulipa kidogo kidogo. Juma zima mtoto yule alikaa kando ya kiwanja na viatu vyake vipya miguuni, hakuingizwa hata mara moja. Watoto hawa, wasomaji wetu, husoma mkeka mmoja. Wanajua nani mkubwa na nani mdogo, nani alihitimu juzuu mwaka gani, na nani alitahiriwa lini. Tuliyoyaficha kwa watu wa kombe hayakuwa siri kwa watoto.

Siku ya nne yule mama akatujia, amejitanda kanga, na sinia la maandazi bado mkononi. Hakulalamika, wala hakupandisha sauti. Alisema: "Maalim, mwanangu hataki tena kuja chuoni. Ananiuliza kama Maalim naye husema uongo, na mimi sijui nimjibu nini."

Maneno hayo yalituingia kuliko khutuba nyingi tulizopata kuzisikia. Jioni ile ile tukaenda kwa waliosimamia kombe, tukawaeleza kwamba barua ile ni yetu na yaliyomo si kweli. Timu ikatolewa mashindanoni. Wazazi wa watoto wengine wa timu wakatukasirikia, wengine kwa kuwa tulisema, na wengine kwa kuwa tuliandika. Wote walikuwa na haki yao. Watoto watatu wakaondolewa chuoni kwetu. Yule mvuvi alikaa tangu mfunguo sita hata Ramadhani hatusemeshi, na mpaka leo salamu yake ni ya watu wasiojuana sana. Hatumlaumu. Tungalimwambia "hapana" siku ile ya kwanza, angalikasirika siku mbili, na urafiki ungalisalimika. Kumwonea mtu haya katika jambo la uongo si hisani. Ni kumkopesha aibu, atakuja kuilipa yeye na wewe.

Ama yule kijana, siku chache baadaye alitwambia neno moja tu: kwamba kila alipofunga bao alikuwa akiogopa kutazama waliokaa nje. Fikirini, enyi wazazi. Tulidhani tumempa mtoto furaha, kumbe tumempa hofu.

Katika lugha ya watu wa mpira, mchezaji wa namna hii huitwa kijeba. Lakini kijeba hajizai mwenyewe. Nyuma yake pana baba, au mwalimu, au kiongozi wa timu aliyeshika kalamu.

Tena jambo hili haliishii mitaani. Mwaka 2018 timu yetu ya Zanzibar ya vijana wasiozidi miaka 17 ilitolewa katika mashindano ya Afrika Mashariki na Kati kule Burundi kwa sababu ya umri wa wachezaji. Mwaka 2019 mashindano ya Afrika ya umri huo huo yalifanyika Dar es Salaam, na timu ya Guinea ikafika fainali. Baadaye ikaonekana kwamba tarehe za kuzaliwa za vijana wawili wao si zile zilizoandikwa walipokwenda kucheza Japani mwaka 2017. Guinea ikanyimwa nafasi yake ya kwenda Kombe la Dunia la vijana nchini Brazil, ikapewa Senegal. Hesabuni ni vijana wangapi wa timu ile ambao umri wao ulikuwa wa kweli, waliopoteza safari kwa ajili ya tarehe zisizokuwa zao.

Na wataalamu nao hawakulala. Tangu Kombe la Dunia la vijana la mwaka 2009 nchini Nigeria, FIFA imetumia kipimo cha MRI, ambacho hupiga picha ya mfupa wa mkono pale unapokutana na kiganja. Mfupa wa mtoto anayekua huwa na sehemu laini ambayo haijaungana. Akipita umri huo huungana. Karatasi huandikwa atakavyo mwandishi, lakini mfupa umeandikwa na Mwenyezi Mungu.

Lakini tusije tukafundisha watoto kuogopa kipimo tu. Tuwafundishe kisa cha Abdullahi bin Umar (r.a.). Siku ya Uhud alijitokeza kwa Bwana Mtume (s.a.w.) naye ana miaka 14, hakuruhusiwa kwenda vitani. Siku ya Khandaq alijitokeza tena naye ana miaka 15, akaruhusiwa. Kijana huyu alikuwa na shauku kuu, na shauku yake haikuwa ya kikombe bali ya kuipigania dini. Juu ya hayo umri ulitazamwa, mpaka ukawekwa, naye akarudi nyumbani, akangoja. Baba yake, Bwana Umar (r.a.), hakwenda kumwongezea mwaka. Ikiwa wao walingoja kwa jambo lile, sisi hatuwezi kungoja kwa ajili ya mpira?

Tena tukumbuke kisa cha mama mmoja aliyemwita mwanawe mdogo, akamwambia aje ampe kitu. Bwana Mtume (s.a.w.) akamwuliza alikusudia kumpa nini. Akasema, tende. Akamfahamisha kwamba lau asingempa kitu, angaliandikiwa uongo. Ikiwa ahadi ya tende moja kwa mtoto huandikwa, barua yenye sahihi itakuwaje?

Liko na jambo la pili, nalo tutalitaja kwa ufupi. Baadhi yetu tukisimama kando ya kiwanja tunasahau kuwa waliomo ndani ni watoto. Baba humtukana refa ambaye huenda ni kijana wa miaka 20 aliyejitolea, humkaripia mwanawe mbele ya wenzake, na mtoto wa watu akianguka hushangilia. Luqman alimwusia mwanawe juu ya mwendo wake na sauti yake. Sisi twampigia makelele mwana mpaka twakauka koo. Bwana Mtume (s.a.w.) alikuwa na ngamia wake, Adhbaa, ambaye hakuwa akishindwa mbio. Akaja bedui juu ya ngamia kijana, akampita. Waislamu wakaona uzito. Akawafahamisha kwamba ni kawaida ya Mwenyezi Mungu kwamba hakiinuki kitu cha dunia ila hukishusha. Hakutaka mbio zirudiwe, wala hakumtia bedui ila. Na wazee wetu wamesema: asiyekubali kushindwa si mshindani.

Basi twawausia wazazi wenzetu haya yafuatayo, na nafsi zetu kwanza:

Kwanza, mwandikishe mtoto wako apatapo kuzaliwa, na cheti chake kihifadhi pamoja na vitu vyako vya thamani. Cheti kilichopotea ndicho mlango wa barua kama ile yetu.

Pili, mtoto akipitwa na umri, mwambie ukweli, kisha mtafutie mashindano ya rika lake. Huku kwetu vijana wana madaraja yao kwa mujibu wa umri, na wa kila daraja ana wenzake.

Tatu, wanaosimamia makombe waombwe kuupanga mchezo ili Alasiri isaliwe kabla yake na Magharibi isiwapite watu kiwanjani. Ukiwaomba kabla ya mashindano kuanza, mara nyingi hukubali.

Nne, ulizeni zawadi inatoka wapi. Akitoa mfadhili ng'ombe au jezi kwa atakayeshinda, hapana ubaya. Lakini timu zikichanga kila moja fungu lake ili mshindi achukue yote, hilo ni dau, na wanavyuoni wamelihesabu katika kamari.

Tano, mtoto akirudi nyumbani, msimwulize kwanza kama ameshinda. Mwulizeni kama amesali, kama ameumia, na kama amempa mkono aliyemfunga.

Wako watakaosema kwamba ukweli humpotezea mtoto bahati yake. Twawajibu kwa jambo tulilolishuhudia. Mwaka 2023, miaka mitano baada ya aibu ile ya Burundi, vijana wetu wa Zanzibar wasiozidi miaka 15 walikwenda Uganda katika mashindano ya Afrika Mashariki na Kati, wakarudi na kombe. Tulipoona watoto wale wakipokewa, hatukuikumbuka barua yetu bila ya kujuta. Lakini pia tulimshukuru Mola kwamba riziki ya mtoto haikufungwa katika uongo wa mzee wake.

Yule mtoto wa mwuza maandazi alirejea chuoni baada ya majuma mawili. Hatukumlazimisha. Siku aliyorejea tulisema mbele ya watoto wote kwamba Maalim wao alisema uongo, na kwamba ametubia. Palikuwa kimya. Kisha mmoja akafungua msahafu wake, akaanza kusoma pale alipoachia, na wengine wakafuata.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, awape afya ya mwili na ukweli wa ulimi, na asitujaalie sisi kuwa sababu ya kuwapoteza. Amin.