Kipa akisimama katikati, jukwaa litasema nini?

Hakuna mtu mpweke uwanjani kama kipa anayesubiri penalti. Mita 11 mbele yake yupo mpigaji, nyuma yake nyavu, na pembeni maelfu ya watu ambao tayari wana la kusema hata kabla mpira haujapigwa.

Wakati huo karibu kila kipa hufanya kitu kilekile. Anaruka. Kulia au kushoto, ilimradi karuka.

Mwaka 2007 watafiti wa Israel walichapisha uchunguzi wao wa penalti 286 za ligi na michuano mikubwa duniani. Makipa waliruka katika asilimia 93.7 ya penalti hizo. Waliobaki katikati walikuwa asilimia 6.3 tu. Lakini mipira iliyopigwa katikati ilikuwa asilimia 28.7, zaidi ya robo nzima. Aliyetulia katikati aliokoa moja kati ya tatu. Aliyeruka aliokoa kama moja kati ya saba.

Sasa jiulize, kwa nini watu wanaolipwa kwa kazi hiyo moja wanakimbia sehemu yenye faida?

Maelezo ya watafiti hao kila shabiki anayajua moyoni. Kuruka ndiyo desturi. Kipa akifungwa huku karuka, watu watasema kajitahidi, bahati tu haikuwa yake. Akifungwa kasimama, watasema alikuwa amelala. Bao ni lilelile moja, ila aibu haifanani. Basi anaruka, kidogo kwa ajili ya mpira na kidogo kwa ajili ya jukwaa.

Hii haina maana kwamba kila kipa asimame kila penalti. Wapigaji nao wana akili, wakishajua hilo watapeleka pembeni zote. Swali ni moja: uamuzi wa kuruka au kusimama umetoka wapi? Kama umetoka kwenye kumsoma mpigaji, sawa. Kama umetoka kwenye hofu ya watakachosema kesho vijiweni, hapo kipa ameshafungwa kabla filimbi haijalia.

Na hapa Tanzania hofu hiyo ina jina lake: kuuza mechi.

Kipa akifungwa bao la kizembe kwenye dabi ya Kariakoo, hakuna anayesema kakosea hesabu. Kauza. Kala hela. Ushahidi? Hakuna. Video ya sekunde kumi inazunguka kwenye simu, imekatwa palepale anapoteleza, na mpaka usiku hukumu imeshatoka. Watoto wake Jumatatu wanakwenda shule na jina hilo.

Matokeo yake yanaonekana mechi inayofuata. Kipa yuleyule, ambaye mazoezini anatoka vizuri kukata krosi, sasa ameganda kwenye mstari. Anayeanzisha mpira chini kwa utulivu sasa anabutua mbele hata akiwa hana presha. Shuti la kudaka kawaida analirukia kama yuko kwenye sarakasi ili apigiwe makofi. Hachezi tena mchezo aliofundishwa, anacheza kesi yake.

Wapo waliokataa kuishi hivyo. Juni 20, 1976, pale Belgrade, fainali ya Ulaya kati ya Czechoslovakia na Ujerumani Magharibi iliisha 2-2 na kwenda kwenye matuta. Penalti ya ushindi ikawa ya Antonin Panenka. Akakimbia kama anayetaka kuupasua mpira, kisha akaubetua taratibu katikati. Sepp Maier alikuwa ameshalala upande.

Leo unaitwa ufundi. Siku ile ungedakwa, ungeitwa wendawazimu. Kipa wa timu yake, Ivo Viktor, alikuwa amemwonya asithubutu. Lakini Panenka hakukurupuka. Kwa takriban miaka miwili alikuwa akiupiga mpira ule mazoezini Bohemians, akishindana na kipa wa klabu yake. Alijua anachokifanya, na alikifanya mbele ya watu kama alivyokifanya pasipo watu.

Louis van Gaal naye. Robo fainali ya Kombe la Dunia 2014, Uholanzi na Costa Rica, dakika 120 hakuna bao. Mwishoni kabisa akamtoa kipa wake namba moja, Jasper Cillessen, na kumwingiza Tim Krul kwa ajili ya matuta tu. Ingeshindikana, kocha angechekwa dunia nzima. Krul akafuata upande sahihi penalti zote tano na kuokoa mbili.

Lakini mechi iliyofuata, nusu fainali na Argentina, Van Gaal alikuwa amemaliza nafasi za kubadilisha wachezaji. Cillessen akabaki langoni na Uholanzi ikatolewa kwa matuta. Kufuata unachokiamini hakukupi hati ya kushinda kila siku. Kunakupa kitu kingine: ukishindwa, unajua umeshindwa kwa lipi, na kesho una pa kuanzia kurekebisha. Anayefuata kelele akishindwa hana hata cha kurekebisha, maana kelele zenyewe kesho zimebadilika.

Hapa wachezaji wasijidanganye. Kuziba masikio kwa kila mtu ni kiburi, si msimamo. Kocha wa makipa akisema unachelewa kutoka, msikilize. Beki wako akisema humwiti, msikilize. Hao wanakuona kila siku na wanataka ushinde. Tofauti yao na mtu wa jukwaani ni kwamba wao wakikosea kukushauri, wanafungwa pamoja na wewe.

Shabiki ana haki yake. Kalipa kiingilio, kapanda daladala mbili, akasirike na azomee akitaka. Lakini kumwita mtu mwizi bila ushahidi si ushabiki. Na klabu zinazonyamaza mchezaji wao anapochafuliwa, kisha zikamweka benchi ili kutuliza mitandao, zinawafundisha vijana wote wanaotazama kwamba timu inapangwa na wenye simu.

Kipa kijana anayeanza Ligi Kuu atafungwa. Hilo halikwepeki. Cha kuamua mapema ni atafungwa akiwa nani: yule aliyemsoma mpigaji wiki nzima akaamini alichokiona, au yule aliyeruka ili asisemwe. Wote wawili watasemwa. Wa kwanza peke yake ndiye mwenye nafasi ya kuokoa ile inayopigwa katikati.