Mashua Kuukuu Inatosha, Hata Kwa Sisi Wa Mlimani

Ukitaja yoti pale stejini Nyeri, wasee wanacheka. Wanajua yoti ni ya bilionea ama ya video za muziki. Mimi nasema hivi: yoti ndogo iliyozeeka ni kitu ambacho marafiki wanne wenye chama wanaweza kumiliki na kufurahia, bora wajue wananunua nini.

Kwanza, tuache kuogopa neno kuukuu. Laura Dekker wa Uholanzi alimaliza kuzunguka dunia peke yake kwa tanga Januari 2012, akiwa na miaka 16. Mashua yake, Guppy, ilikuwa imemzidi umri kwa mbali. Na nani anajua kuishi na chuma kizee kutuzidi? Hapa kwetu Land Rover ya guka bado inabeba majani chai, na kila fundi wa Karatina ana hadithi ya Peugeot 504 iliyokataa kufa.

Mashua za zamani zinashuka bei kwa sababu inayoeleweka. Tangu miaka ya 1960 nyingi zinatengenezwa kwa faibaglasi, ambayo haiozi kama mbao wala haishiki kutu. Kwa hivyo mwili wa mashua ya miaka ya 1970 bado unaelea, hata kama mwenyewe amechoka nayo. Lakini hapo ndipo mtego ulipo: bei ya mashua inashuka, bei ya matengenezo haishuki. Tanga jipya halijali mashua ina miaka mingapi.

Ndio maana chama chetu kina sheria moja. Tuko wanne, kila mtu mia mbili kila Jumamosi, hiyo ni 41,600 kwa mwaka. Nusu ya pesa itanunua mashua, nusu itangoja kuitengeneza. Mashua ikimaliza pesa zote siku ya kununua, hiyo ni kubwa kwetu. Hatutafuti ya vitanda na jiko. Tunatafuta ndogo, isiyo na injini, ya kuvutwa kwa trela.

Ukienda kuangalia, beba bisibisi. Gonga mwili wote kwa mpini wake. Sauti kavu ni dalili nzuri. Ikisikika kama unagonga kadibodi iliyolowa, kuna maji ndani. Angalia nyaya zinazoshikilia mlingoti: uzi mmoja ukikatika, hesabu bei ya nyaya zote. Vuta kitambaa cha tanga, kwa sababu jua ndilo linaloliua. Kama kuna injini, iwashwe ikiwa baridi. Ukipata muuzaji ameshaipasha moto kabla hujafika, uliza kwa nini. Lipa fundi ambaye si rafiki wa muuzaji, na uulize makaratasi mapema, kwa sababu Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, ndiyo inasimamia usalama wa vyombo vya majini.

Na ya mbao je? Ni tamu kuangalia, lakini mafundi wa kalafati, wale wa kuziba nyufa kwa pamba na kupaka sifa, wako pwani. Huku juu utamtafuta nani? Nunua faibaglasi.

Sasa, tutaelea wapi? Naivasha. Unapita Mweiga, Nyahururu, Ol Kalou, unateremka. Ziwa lenyewe liko karibu mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko mji wa Nyeri! Kwa hivyo usiniambie tanga ni mambo ya pwani. Lakini Naivasha kuna viboko, na upepo wa mchana unaamka ghafla. Jaketi okozi si pambo la picha, vaa.

Mathe ananiuliza kwa nini mtu aliyeacha kampasi anaweka pesa ya mashua badala ya karo ama ploti. Ni swali halali, na nilimjibu kwa heshima. Kodi nalipa kwanza, sina deni, na mia mbili yangu wengine wanaiweka kwenye mkeka wa kubeti kabla ya saa nne asubuhi. Kile ambacho sikubali ni kwamba raha lazima ingoje. Huku tunafunzwa ploti kwanza, nyumba, gari, halafu siku moja upumzike. Tumezika wazee walioacha hati za ploti sandukuni na hiyo siku moja haikufika.

Maji pia hayangoji. Bwawa la Nairobi, pale kando ya Kibera, lilijengwa 1953 na watu walikuwa wakiendesha mashua za tanga hapo wikendi. Magugu maji na maji taka yakalimeza. Aliyesema ataanza akiomoka, alipata majani.

Simwambii mtu achukue mkopo. Kama una deni, maliza deni, mashua itangoja. Kama huna, anza leo kwa kutafuta watu. Ukipata marafiki watatu wanaotuma pesa ya chama Jumamosi bila kukumbushwa, buda, umeshapata kitu adimu kuliko mashua. Zilizobaki ni bisibisi na subira.