Amri Isiyo na Sharti

Tunapofundisha hali ya kuamuru, wengi wetu huandika ubaoni: "Mwagilia maua kila siku." Sentensi hiyo haina dosari ya kisarufi. Hata hivyo, twashikilia kwamba haifai darasani, na ushahidi wetu uliozea dirishani.

Tulipanda katika makopo mimea midogo ya mapambo yenye majani manene: mishubiri na kalankoe, ambayo asili yake ni Madagaska. Tukaandika amri ile kwenye kadi, wanachuo wakaitii kwa zamu, hata katika majira ya mvua. Baada ya majuma machache majani yaligeuka manjano, mashina yakalegea, na kopo moja likaanza kunuka.

Mimea ya aina hii huweka akiba ya maji majanini. Vitundu vya majani yake hufunguka zaidi usiku na kujifunga mchana, ili maji yasipotee juani. Mizizi nayo huhitaji hewa. Udongo usiokauka huinyima, ikaoza. Kwa hiyo kopo litobolewe chini, udongo uchanganywe na mchanga mwingi, na maelekezo yawe na sharti: "Udongo ukikauka hadi chini, mwagilia; usipokauka, ngoja." Hapo pana -ki- ya masharti pamoja na ukanushi wake, -sipo-, ambao wanafunzi huukosea mno.

Baadhi ya wenzetu watasema kuwa mwalimu wa sarufi si bwana shamba, na kwamba mfano ni chombo tu cha kubebea muundo. Hatukubaliani nao. Mtoto wa shule huinukuu sentensi ya mwalimu daftarini, akaenda nayo nyumbani akiiamini yote, muundo na maana. (Yuko pia aliyetuandikia "mwaga maji kwenye mmea", kauli ya kutendea ingemwokoa.)

Vipande vya shina la kalankoe vilivyosalimika tuliviacha kivulini siku kadhaa hadi sehemu zilizokatwa zikakauka, ndipo tukavichomeka mchangani. Vimeshatoa mizizi. Kadi tumeiandika upya, na mwanachuo wa zamu hutia kidole udongoni kabla hajagusa kata ya maji.