Samaki Aliyefunga Mdomo



Ndugu zetu wasomaji, wiki iliyopita, baada ya swala ya Isha, mzazi mmoja wa hapa Singe alitusimamisha barazani mwa msikiti. Tulidhani ana neno na kamati, kumbe ana neno la nyumbani. Mwanawe aliletewa samaki wa mapambo na mjomba wake kutoka Arusha. Samaki wakazaa, mtoto akafurahi mno, na ndani ya siku nne vifaranga wote wakafa. Mtoto sasa hataki kukaa chumba chenye tangi lile. Mzazi akatuuliza mambo mawili: je, yafaa Muislamu kufuga samaki asiowala? Na ikiwa yafaa, vifaranga wale hulelewaje?

Tumeona jibu tuliandike hapa, kwa kuwa matangi ya kioo yamekwisha kuingia majumbani mwetu, na kwa kuwa yaliyomfika mzazi huyo yalitufika sisi kabla yake.

La kwanza halina mzozo mkubwa. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwa Anas bin Malik, radhi za Allah ziwe juu yake, habari ya mdogo wake aitwaye Abu Umayr, aliyekuwa na kindege cha kuchezea. Kindege kikafa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipomwona mtoto ana huzuni alimsemesha kwa upole na utani, akimuuliza habari za kindege chake. Mwanazuoni wa madhehebu ya Shafi, Ibn al-Qass, alitoa katika tukio hilo dogo faida 60. Wanazuoni wamechukua humo ruhusa ya mtoto kuwa na ndege wa kuchezea, maadamu hamtesi. Nasi twasema samaki ni vivyo hivyo. Lakini wasomaji wanaijua pia habari ya mwanamke aliyemfungia paka, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Tangi ni kifungo. Samaki wa ziwani akikosa chakula hapa huogelea kule. Wa tangini hana pa kwenda.

Tuje kwenye la pili, ambalo lina maneno zaidi.

Samaki hawa wa mapambo, wengi wao asili yao ni Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, nao ni ukoo mmoja na sato na perege tunaowanunua sokoni. Wataalamu huuita ukoo huo sikilidi. Wa kwetu nyumbani ni wale wadogo wa manjano wa Nyasa, ambao kitaalamu huitwa Labidochromis caeruleus. Jike hutaga mayai, kisha huyaokota na kuyatia kinywani, akayabeba humo kwa muda wa wiki tatu hivi, na katika siku hizo hali chakula, au hula kidogo mno. Mara ya kwanza tulipomwona amenuna pembeni, mashavu yamevimba kama ya mpiga zumari, tulidhani ni mgonjwa, tukataka kumtafutia dawa. Mama wa nyumba ndiye aliyetuzuia. Alisema, "Mwacheni, huyo ana ujauzito wake."

Alikaribia kweli. Jike wa namna hii asikimbizwe wala asishikwe ovyo, maana akishtuka huweza kuwatema au kuwameza. Tuliweka mawe yenye mapango ajifiche, na majuma yalipokaribia kutimia tukamhamishia tangi dogo la peke yake. Alipowaachia tulihesabu 14. Hapo mama hurudishwa kwa wenzake taratibu, ale apate nguvu, na watoto hubaki peke yao, kwani samaki wakubwa hawabagui kifaranga na chakula.

Sasa, kwa nini vifaranga wa ndugu yetu walikufa? Tulipomuuliza alisema aliwatia katika beseni jipya, maji masafi ya bomba, sponji mpya ya kuchujia. Nia ilikuwa njema. Katika fiqhi tumefundishwa kuyapima maji kwa rangi, ladha na harufu. Kwa udhu vipimo hivyo vinatosha, kwa kifaranga havitoshi. Maji ya bomba huwa na klorini. Tena kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, sumu isiyoonekana kwa macho. Wanaoiondoa ni bakteria wanaoota ndani ya sponji iliyokwisha tumika kwa wiki kadhaa. Sponji mpya haina kitu. Kwa hiyo maji ya bomba yakingwe ndoo wazi, yalale usiku na mchana. Sponji itolewe tangi la wakubwa, na ikichafuka ikamuliwe katika maji ya tangi lenyewe, kamwe si chini ya bomba. Kila wiki tunabadili robo ya maji, wala hatuyabadili yote.

Chakula ni dagaa waliokaushwa, wakatwangwa na kuchekechwa hadi vumbi. Mara tatu au nne kwa siku, kiasi cha kuisha katika dakika mbili. Kiini cha yai la kuchemsha nacho hufaa, ila huharibu maji upesi.

Hapa tukiri letu. Tulikwenda msibani Kondoa siku tatu, na kwa huruma tukamwaga chakula cha siku tatu kwa pamoja. Tuliporudi maji yalikuwa yamechacha, na kati ya 14 wamebaki sita. Siku tatu bila chakula zingewapunguza nguvu. Kilichowaua ni kile chakula chenyewe. Mwanetu hakutulaumu, akawazika chini ya mgomba, na ukimya wake ulituuma kuliko maneno.

Babati ni mji wa juu, na usiku wa Juni na Julai una baridi isiyowafaa samaki hawa, wanaotaka nyuzi 25 hivi. Hita ndogo inahitajika. Umeme ukikatika tangi lifunikwe blanketi, na maji yachotwe kwa kikombe na kumiminwa tena ili yapate hewa.

Jambo moja tunalisisitiza: samaki wakizidi, msiwapeleke Ziwa Babati kwa kudhani mnawapa uhuru. Sangara alitiwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na baadaye aina nyingi za furu, samaki wa ukoo huu huu, zikatoweka. Mpeni jirani mwenye tangi lililo tayari.

Mzazi yule tumemwahidi kipande cha sponji yetu kuukuu. Mwanawe atakuja kukichukua Ijumaa baada ya swala, naye mwanetu amekubali kumgawia wawili kati ya wale sita, kwa sharti kwamba kwanza aende akaone tangi lenyewe.