ETI SHOTI HAIUI! MASTAA WAACHE KUPIGIA PROMO WASICHOKIJUA

Mrembo mmoja wa hapa mjini, jina kapuni, ambaye akiposti kijora leo kesho kimeisha Kariakoo, safari hii kaja na kitu kingine kabisa. Kwenye klipu yuko ndani ya gari, kucha ndefu, pochi mapajani, anatoa kitochi cheusi. Anabonyeza, kinalia trrrrr, cheche za bluu zinaruka. Chini kaandika kwamba bodigadi wake sasa hivi anakaa kwenye pochi, halafu namba ya muuzaji.

Komenti zikamiminika. Bei gani, mpo wapi, mikoani mnatuma? Katikati ya hizo oda kuna dada mmoja akauliza swali la maana: hivyo vitu si vinaweza kuua mtu? Mrembo akajibu kwa kujiamini kabisa kwamba shoti haiui, inamlaza tu mtu dakika kumi unakimbia zako. Makopakopa kibao. Dada wa watu akanyamaza.

Alikuwa hana haja ya kunyamaza. Kwenye jibu hilo moja fupi kuna uongo mara mbili, na wote wawili unaweza kumfikisha mtu pabaya. Wa kwanza ni kwamba inamlaza mtu. Wa pili ni kwamba haiui.

Kwanza iwekwe wazi, wanaonunua hivi vitu sio wajinga. Dada anayefunga saluni saa nne usiku na kutembea uchochoro hadi kwao anajua anachokiogopa. Septemba 2022 panya road walipokuwa wanaingia majumbani na mapanga, Dar nzima ililala jicho moja wazi. Ukiongeza wale wa kuvuta pochi kwenye pikipiki, na yule jamaa wa mtaani asiyeelewa maana ya "sitaki", hofu ni ya kweli kabisa. Ndio maana inauma zaidi mtu anapomuuzia mwenye hofu kitu nusu, akamwambia ni kizima.

Maana watu wanachanganya vitu viwili. Kile kinachoonekana kwenye muvi, polisi anafyatua na jitu la miraba minne linadondoka kama gogo, kinaitwa Taser. Wazo lake ni la Mmarekani Jack Cover, mwanasayansi aliyewahi kufanya kazi kwenye miradi ya NASA, na kifaa chenyewe alikikamilisha miaka ya 1970. Tangu 1993 ndugu wawili kutoka Arizona wakalifanya biashara kubwa ya polisi. Ile inarusha vishale viwili vidogo vyenye ncha kama ndoano, kila kimoja kikiwa kimefungwa waya mwembamba. Vikinasa mwilini vikiwa vimeachana vya kutosha, umeme unapita katikati yake na kuikaza misuli, mtu hawezi kusimama hata akitaka. Mzunguko mmoja ni sekunde tano. Sekunde, sio dakika kumi.

Tochi ya shoti ya kwenye pochi hairushi chochote. Ina meno mawili ya chuma yaliyoachana sentimita mbili tatu, na lazima uyagandamize kwenye mwili wa mtu. Meno yakiwa karibu hivyo, umeme unapita pale pale kwenye ngozi. Unauma, tena sana. Lakini haukazi misuli ya mwili mzima. Mtu mwenye hasira, au aliyekwisha vuta vitu vyake, anaweza kula hayo maumivu akaendelea na shughuli yake. Na ili umguse lazima awe ameshafika mkononi mwako, maana yake na wewe umeshafika mkononi mwake. Akiwa na koti zito ndio basi tena. Wakiwa watatu, hesabu malizia mwenyewe.

Halafu kuna ile ya volti. Wauzaji wananadi volti milioni tano, milioni kumi, kila mmoja anamzidi mwenzake kama wapo kwenye mnada. Mwanafunzi yeyote wa fizikia anaweza kuwaumbua. Hewa kavu inahitaji kama volti 30,000 ili cheche iruke sentimita moja. Kwa meno yaliyoachana sentimita tatu, hapo unazungumzia kama volti laki moja hivi kushuka chini. Ingekuwa milioni kumi kweli, hiyo cheche ingeruka mita tatu, ikatoka kwenye pochi ya mrembo hadi kwa dereva wa gari la jirani. Namba ya kwenye boksi ni ya kuuzia tu.

Sasa mtu atasema, kama ni dhaifu hivyo, si afadhali, angalau haiui? Hapa ndipo penye balaa lenyewe, na polisi wa nchi za wenzetu wameshalipitia kabla ya huyu mrembo kujua kuposti.

Wapenzi wa mpira wa zamani wanamkumbuka Dalian Atkinson, straika wa Aston Villa. Goli lake dhidi ya Wimbledon mwaka 1992, alilotoka nalo mbali akipita watu, lilichaguliwa goli bora la msimu England, na alishangilia chini ya mwavuli wa shabiki. Usiku wa Agosti 15, 2016 alikuwa na umri wa miaka 48, moyo na figo zake hazikuwa nzuri, na akili yake siku hiyo haikuwa sawa. Alikuwa nje ya nyumba ya baba yake mjini Telford. Polisi waliitwa. Walimfyatulia Taser mara ya kwanza, haikumfanya kitu. Mara ya pili, vile vile. Ya tatu ikakamata, akaanguka, na polisi hakuachia kitufe. Sekunde tano zikapita, kumi zikapita, ikafika sekunde 33. Kisha akampiga mateke ya kichwani akiwa chini. Atkinson akafa. Mwaka 2021 polisi huyo alikutwa na hatia ya kuua bila kukusudia, akafungwa miaka minane.

Usiku mmoja, kifaa kile kile, kimeshindwa mara mbili na mara ya tatu kimechangia kifo. Na hicho ni cha kampuni kubwa, mkononi mwa mtu aliyefundishwa kukitumia.

Wakereketwa watasema huyo ni mmoja. Mwaka 2017 shirika la habari la Reuters lilikusanya kesi za Marekani na kupata vifo zaidi ya 1,000 vilivyotokea baada ya polisi kutumia Taser. Wengi wao walikuwa na mambo mengine pia, dawa za kulevya, ugonjwa wa moyo, kipigo. Haki lazima isemwe. Lakini kwenye vifo 153 wachunguzi wa maiti waliitaja Taser yenyewe kuwa sababu, au mojawapo ya sababu. Watengenezaji wenyewe mwaka 2009 waliwaambia polisi wakwepe kulenga kifua. Kitu kisichoua kabisa, kifua kinakwepwa cha nini?

Na sio moyo tu. Mtu aliyekazwa misuli hawezi hata kutanguliza mikono, anaanguka na kichwa chake kwenye lami. Cheche nazo zinawasha moto. Mwaka 2013 kule Plymouth, Uingereza, mtu aliyekuwa amejimwagia petroli alipigwa Taser, akawaka na akafariki. Wanaochezea hizi tochi kwenye kijiwe cha bodaboda, pembeni ya chupa za mafuta, kwa ajili ya klipu ya TikTok, hiyo nayo waiweke kichwani.

Lakini tatizo kubwa kuliko umeme ni hilo neno "haiui". Linaufanya mkono kuwa mwepesi. Bunduki kila mtu anaiheshimu, hata polisi mkorofi anafikiri mara mbili kabla ya kuitoa, kwa sababu anajua kinachofuata. Ukimpa mtu silaha ukamwambia haiui, anaitoa pale ambapo zamani angetumia mdomo. Mei 2023 huko Cooma, Australia, polisi aliitwa kwenye makao ya wazee kwa sababu ya bibi wa miaka 95 aliyekuwa ameshika kisu. Bibi wa watu anatembea kwa kile kigari cha kuegemea, hatua moja moja. Mtoto wa darasa la saba angeweza kumkimbia kinyumenyume. Polisi akamfyatulia Taser. Bibi akaanguka, akagonga kichwa, baada ya siku chache akafa. Mahakama ilimkuta polisi na hatia ya kuua bila kukusudia, lakini jela hakwenda.

Hakuna polisi mwenye akili zake ambaye angempiga risasi bibi yule. Kilichomponza bibi ni hiyo silaha "isiyoua".

Kuna hata wanaozichanganya. Aprili 2021 jimboni Minnesota, polisi wa kike mwenye uzoefu wa miaka 26 alipiga kelele kwamba anatumia Taser, kumbe mkononi kashika bastola. Kijana Daunte Wright, miaka 20, akafa. Na waliotazama Fruitvale Station, ile muvi ya mwaka 2013 ya Ryan Coogler aliyekuja kutengeneza Black Panther, wanajua ya Oscar Grant. Kijana kalazwa chini kwenye kituo cha treni Oakland, siku ya mwaka mpya 2009, kapigwa risasi ya mgongo, na polisi alijitetea kwamba alidhani anachomoa Taser.

Kwenye komenti za mrembo kuna waliodakia kwamba basi na polisi wetu wapewe hizo badala ya SMG. Hoja ina uzito, haifai kuchekwa. Kati ya kula risasi na kula shoti, hakuna mama atakayechagua risasi kwa mwanae. Shoti ikichukua nafasi ya risasi, safi sana. Ikichukua nafasi ya mdomo, ya subira, ya kumsubiri kichaa apoe, hapo mtaani patageuka balaa, maana wapo watakaoipiga kwa machinga aliyechelewa kukunja meza yake na bodaboda aliyeuliza kosa lake nini.

Na haya hayaishii kwa polisi. Fikiria baunsa wa klabu mwenye tochi kiunoni, kalewa sifa, shabiki kasogea kupiga selfie na staa. Fikiria wapenzi wanagombania simu chumbani na kitochi kipo juu ya kabati. Bwana mwenye moyo mbovu hajaandikwa usoni. Ukimpiga mtu shoti akaangukia ngazi, mahakamani huwezi kujitetea kwamba staa fulani alisema haiui. Jina lake litabaki kapuni na lako litasomwa na karani.

Ya safari nayo isisahaulike, maana wanaoagiza wapo hadi walioko majuu. Uingereza sheria yao ya silaha ya mwaka 1968 inaiweka shoti ya mkononi kwenye kundi moja na silaha zilizopigwa marufuku kabisa. Kuwa nayo tu, hata bila kumgusa mtu, kifungo kinaweza kufika miaka kumi. Na ukiwa nayo yenye umbo la tochi au simu ndio unajichimbia zaidi, kwa sababu kwao hiyo ni silaha iliyofichwa. Dada anayeenda kumtembelea dada yake London na ka-zawadi ka Kariakoo kwenye begi, aangalie.

Anayeona bado anaihitaji, basi aichukulie kama silaha na sio kama lipstiki. Asiitegemee peke yake. Filimbi ya elfu mbili inasikika nyumba kumi, na mwizi anaogopa watu kuliko maumivu. Dereva wa boda unayemjua kwa jina anafika mlangoni. Location ya kumtumia mtu wa nyumbani haili chaji ya tochi.

Jambo moja ambalo mrembo hakulitaja, pengine hata halijui. Taser ya polisi ina kumbukumbu ndani, kila kitufe kinapobonyezwa inaandika muda na sekunde. Zile sekunde 33 za Telford zilisomwa kutoka kwenye kifaa chenyewe, ndio maana polisi hakuweza kusema zilikuwa tano. Kitochi cha kwenye pochi hakiandiki kitu. Siku mtu akidondoka, kitakachokuwepo ni maneno yako, maneno ya ndugu zake, na ile klipu uliyoposti mwenyewe ukicheka.